Sulemani Hakubeba Jiwe

Kwetu mtu akisema "nimejenga Kigamboni," hakuna anayemkagua viganja kuona kama vina sugu. Tunaelewa kwamba alinunua kiwanja, akatafuta fundi, akabishana naye bei ya lipu, akashusha mifuko ya saruji na mwisho akahamia. Fundi naye alijenga, lakini kwa maana ndogo, ile inayokwisha siku anapolipwa ujira wake. Kiswahili kina maneno ya kutenganisha mambo haya, kujenga, kujengewa, kujengesha, ila sijawahi kuhudhuria sherehe ya kuhamia nyumba nikamsikia mwenye nyumba anasimama kusema kwamba amejengewa.

Biblia nayo ina tabia hiyohiyo. Kila mtoto aliyepita Shule ya Jumapili anajua kwamba Sulemani alijenga hekalu. Ukifungua Wafalme wa Kwanza, sura ya tano, unakuta shokoa: watu 30,000 waliokusanywa na kupelekwa Lebanoni kwa zamu, wabeba mizigo 70,000, wachonga mawe 80,000 milimani. Sura ya sita inaanza na Sulemani anajenga. Wale watu wote wamekwishaingia ndani ya jina lake.

Nimekuwa nikilitafakari neno hili, kujenga, tangu nianze shahada ya uzamili huku South Carolina, kusini mwa Marekani, kwa sababu ya kanisa moja la shamba. Kanisa la Brick Baptist lipo katika kisiwa cha St. Helena, karibu na mji wa Beaufort. Lilijengwa mwaka 1855 kwa ajili ya Wabaptisti weupe wenye mashamba ya pamba. Waliolijenga ni watumwa wao. Ni jengo la matofali, la mstatili, lisilo na makuu, la aina ambayo mtu akiipita kwa gari anaweza kuiona na kuisahau kabla ya kona inayofuata. Ndani kuna ukumbi wa chini, na juu kuna roshani. Chini walikaa wenye mashamba na familia zao. Roshani ilikuwa ya watumwa.

Makanisa mengi ya Kusini ya zama zile yalikuwa na roshani kama hiyo, na vitabu vya majengo huitaja kwa sentensi moja, kama vinavyotaja idadi ya madirisha. Mimi ilinishika. Roshani haijitokezi yenyewe. Inahitaji seremala wa kuchagua boriti zitakazobeba uzito wa watu mamia bila kunesa, wa kupima kimo cha kila hatua ya ngazi, wa kupiga randa ukingo ambao watu wataegemea viwiko wakati mahubiri yakirefuka. Seremala huyo alijua nani atapanda ngazi hizo. Mwashi aliyenyoosha ukuta wa chini alijua kwamba Jumapili hataketi karibu nao. Kulazimishwa kuchimba mfereji wa shamba la mtu ni jambo moja. Kulazimishwa kutengeneza kwa ustadi mahali pa kutengwa kwako mwenyewe, tena ndani ya nyumba ya Mungu, ni jambo ambalo bado natafuta jina lake.

Kisiwa hicho kina kanisa jingine la zamani zaidi, na ili nieleweke itabidi nilipitie. Ni mwendo mfupi kwa gari kutoka Brick Baptist, chini ya mialoni inayoning'iniza mimea ya kijivu kama ndevu za wazee. Lilijengwa karibu na mwaka 1740 kwa ajili ya Waanglikana wenye mashamba waliochoka na safari ya kwenda kanisa la parokia kule Beaufort, ndiyo maana likaitwa Chapel of Ease, kanisa la kuwapunguzia watu mwendo. Moto wa msituni uliliunguza Februari 22, 1886, na leo limebaki kuta bila paa. Pembeni kuna kaburi la fahari la familia ya Fripp, la mwaka 1852, limejengwa kama kijumba cha mawe. Wapiga picha wanapapenda sana mahali hapo, na siwalaumu. Jioni mwanga ukiingia kwenye madirisha matupu, kuta zinang'aa, maana zimejaa makombe ya chaza.

Kifaa hicho cha ujenzi huitwa tabi. Unachukua makombe ya chaza, unayarundika juu ya kuni, unayachoma mpaka yawe chokaa. Chokaa hiyo unaichanganya na mchanga, majivu, maji na makombe mengine mazima. Kisha unatengeneza boksi la mbao juu ya msingi, unamimina ule mchanganyiko, unashindilia, unaacha ukauke, unalifungua boksi na kulipandisha juu ya ulichokwisha kujenga, unaanza tena. Ukuta unapanda tabaka kwa tabaka. Ukiusogelea unaona mistari ya kulala inayoonesha mahali kazi ilipokatizwa. Mtu aliyekulia pwani yetu hahitaji kufafanuliwa sana. Sisi tunachoma matumbawe badala ya chaza, tunapanga mawe badala ya kumimina, lakini tanuri ni lilelile, moshi ni uleule unaochoma macho, na mikono inayochubuka kwa chokaa mbichi ni ileile. Nyumba ya ukoo wa bibi yangu mzaa mama, kule Pangani, ni ya mawe na chokaa. Nilipoligusa lile tabi nilijua kwa vidole ni kazi ya namna gani.

Sasa, swali lenyewe. Tulipokuwa tukijadili makanisa haya mawili darasani, mwenzangu mmoja, Mmarekani mweusi ambaye ukoo wake unatoka visiwa vya pwani hiyohiyo, alikataa kuyaita mazuri. Alisema hataki kusikia neno "zuri" likitumika juu ya kuta zilizosimamishwa kwa mjeledi. Kijana mwingine, mtulivu, mtu wa michoro, akasema ukuta ni ukuta. Uwiano wa madirisha hauna dhambi. Tuyahukumu majengo kwa macho na historia kwa dhamiri, kila kitu na mahali pake. Mwalimu alituacha tubishane mpaka muda ukaisha.

Mimi niliona wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, wanamwachia ukuta yule mwenye shamba. Anayesema ukuta ni ukuta anamwachia kwa kunyamaza: bila jina la fundi, jina linalobaki ni la mwenye hati. Anayesema uzuri umechafuliwa na mjeledi anakubali, bila kukusudia, kwamba uzuri ulitoka kwenye mjeledi. Lakini mjeledi haujui kuchanganya chokaa. Unaweza kumfikisha mtu mahali pa kazi. Hauwezi kumwambia kwamba mchanga wa leo una chumvi nyingi au kwamba boksi likifunguliwa mapema tabaka litabomoka. Hayo aliyajua fundi, akayafanya yeye. Tukikataa kuisifu kazi yake kwa sababu ya yaliyomkuta, tumemnyima hata hicho kidogo kilichosalia chenye alama ya akili yake.

Mwenzangu alinijibu jambo ambalo limekaa nami miezi kadhaa. Alisema: hofu nayo hunyoosha mstari. Labda yule mwashi alipanga matofali vizuri kwa sababu aliogopa. Wewe unamvika marehemu fahari ambayo pengine hakuwa nayo, ili wewe leo uweze kulifurahia kanisa bila kusutwa.

Hoja hiyo ina nguvu, na sidhani inafutika. Nilichoweza kumwambia ni kwamba sidai chochote kuhusu moyo wa fundi. Nadai ujuzi wake. Fahari ni hisia, na hisia za watu wale zimekwenda nao. Ujuzi unaonekana ukutani, uwe ulifanywa kwa furaha, kwa hofu au kwa chuki. Hata soko la watumwa lenyewe liliushuhudia. Mtumwa seremala au mwashi aliuzwa bei ya juu kuliko wa kulima, na bwana wake aliweza kumkodisha kwa watu wengine. Sheria ilisema mwili ni mali ya bwana. Bei ilikiri kwamba ndani ya mwili huo kuna kitu ambacho bwana hana wala hawezi kukitenda.

Hapa ndipo anapoingia mwanafalsafa ambaye kila mwanafunzi wa siasa amekutana naye, John Locke. Katika kitabu chake kuhusu serikali, kilichotoka mwaka 1689, Locke anaeleza mali binafsi huanzaje. Kwa ufupi: kila mtu anajimiliki mwenyewe, hivyo jasho lake ni lake; akilichanganya jasho hilo na kitu cha asili kisicho na mwenyewe, kitu hicho kinakuwa chake. Ni nadharia ambayo mkulima yeyote wa kwetu angeikubali bila kusoma. Tunasema "mali ya jasho lake," tukimaanisha mali isiyo na mjadala.

Lakini ukisoma sehemu hiyohiyo polepole unakuta mifano mitatu aliyoitoa kuonesha jasho linavyoleta umiliki. Farasi wake amekula majani. Mtumishi wake amekata udongo wenye nyasi. Yeye mwenyewe amechimba madini. Vyote vitatu Locke anavihesabu kuwa mali yake, kana kwamba jasho lililotoka ni moja. Anapita hapo haraka sana, kama mtu anayevuka barabara bila kuangalia pembeni.

Huenda utasema, kama alivyoniambia rafiki mmoja wa nyumbani kwenye simu, kwamba mbona hata sisi: punda alibeba mawe ya nyumba za Pangani na Lamu, na hakuna anayesema nyumba ni ya punda. Naam, na hiyo ndiyo shida. Ili sentensi ya Locke isimame, mtumishi lazima akae mstari mmoja na farasi. Mtoe hapo, mrudishie ile haki ya kujimiliki ambayo Locke mwenyewe alimpa kila mtu kurasa hizohizo, na hoja nzima inageuka. Jasho ni la aliyelitoa.

Na Locke hakuwa mtu wa mbali na habari hii. Alikuwa katibu wa mabwana waliopewa na mfalme wa Uingereza koloni la Carolina, lile ambalo baadaye liligawanyika na kuzaa South Carolina. Mkono wake umo katika rasimu ya Katiba ya Msingi ya Carolina ya mwaka 1669. Katiba hiyo ilimpa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Iliruhusu pia watumwa kujiunga na kanisa lolote walitakalo, kisha ikaongeza kwamba kujiunga huko hakumpunguzii bwana chochote cha mamlaka yake. Zaidi ya miaka 180 baadaye, maseremala wa St. Helena walikigeuza kifungu hicho kuwa mbao na misumari. Karibu kanisani, ngazi ya kupanda ni ile pale.

Historia ya kisiwa ilifanya jambo ambalo falsafa haikulifanya. Novemba 7, 1861, katika miezi ya mwanzo ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, meli za kivita za Kaskazini ziliingia katika ghuba ya Port Royal na kuzishinda ngome za Kusini kwa siku moja. Watu wa visiwani waliikumbuka siku hiyo kwa mlio wa mizinga. Wenye mashamba walikimbilia bara na vile walivyoweza kubeba. Baadhi walijaribu kuwalazimisha watumwa waende nao. Wengi walijificha au wakakataa waziwazi. Katika visiwa vile walibaki watu wanaokadiriwa kufikia 10,000, pamoja na pamba shambani, nyumba zilizoachwa wazi na kanisa la matofali lililokuwa na umri wa miaka sita tu.

Wakashuka.

Naomba unipe nafasi nikae kidogo kwenye kitenzi hicho, kwa sababu katika masimulizi mengi hupitwa kama jambo la kawaida: wenye kanisa wameondoka, waliobaki wamekaa viti vya mbele. Lakini kulikuwa na njia nyingine. Wangeweza kulichoma. Katika visiwa hivyohivyo watu walivunja mashine za kuchambulia pamba, wasitake kuona tena kilichowatesa, na hakuna wa kuwalaumu. Wangeweza pia kuliacha liote magugu, maana walikuwa tayari na mahali pao pa kuabudia, nitapafikia. Walilichukua. Na mwaka uliofuata wakalifanya shule.

Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa na Laura Towne, mwanamke mweupe aliyetoka Pennsylvania, pamoja na rafiki yake Ellen Murray, katika chumba cha nyumba ya shamba moja mwezi Juni 1862. Wanafunzi walipozidi, kabla mwaka haujaisha, ikahamia Brick Baptist. Mwezi Oktoba akafika Charlotte Forten, mwalimu mweusi kutoka Philadelphia, msichana wa miaka 25 aliyezaliwa huru. Forten aliandika baadaye kuhusu madarasa yaliyobanana ndani ya jengo moja, kila mwalimu akipaza sauti kushindana na mwenzake. Aliwafundisha pia habari za Toussaint Louverture, mtumwa wa zamani aliyeongoza mapinduzi ya Haiti, kwa sababu aliona watoto hao wanapaswa kujua mtu wa rangi yao ametenda nini.

Weka hilo kando ya sheria. Mwaka 1740, baada ya uasi wa watumwa wa Stono, South Carolina ilipitisha sheria iliyokataza kumfundisha mtumwa kuandika. Ni wakati uleule ambapo kuta za tabi za lile kanisa la Waanglikana zilikuwa zikipanda. Mwaka 1834 katazo likapanuliwa hadi kusoma. Kwa hiyo watu waliokuwa roshani miaka ya 1850 walisomewa Neno lililochaguliwa na wengine, mara nyingi aya za utii, na lilikuwa kosa la jinai mtu yeyote kuwapa uwezo wa kuhakikisha kama ukurasa unaofuata unasema jambo jingine. Kisha, ndani ya kuta zilezile, chini ya roshani ileile, watoto wao wanataja herufi kwa sauti.

Napenda kuamini kwamba walilichukua kanisa kwa sababu walijua ni lao. Lilikuwa lao kabla ya mizinga, tangu tofali la kwanza, kwa hoja ileile ya jasho ambayo Locke aliianza na hakuimaliza. Kilichotokea mwaka 1861 ni kwamba aliyekuwa amekalia mali yao aliondoka.

Lakini nina wasiwasi na furaha yangu hii, na unatokana na zile nyumba nyingine za ibada. Katika mashamba ya St. Helena watumwa walikuwa na nyumba za sifa, vibanda vya mbao ambamo walikutana usiku katikati ya wiki. Humo hapakuwa na roshani. Waliomba kwa lugha yao, ambayo wajukuu wao, watu wa Gullah Geechee, wanaizungumza hadi leo. Baada ya maombi walisukuma mabenchi ukutani wakaanza mzunguko: wanatembea kwa duara, nyayo zikiburuta sakafu, wengine pembeni wakiimba na kupiga makofi. Bado zimesimama nyumba chache za namna hiyo kisiwani, zilizojengwa baada ya utumwa, karibu na mwaka 1900, kwa desturi ileile. Ni ndogo kiasi kwamba mtu mrefu akinyoosha mkono anakaribia dari. Mbao zimepakwa rangi nyeupe. Mlango, madirisha machache, basi.

Laura Towne, mwanamke aliyetoa miaka karibu arobaini ya maisha yake kwa watu wale, aliona ule mzunguko akaandika kwamba ni ushenzi, mabaki ya ibada ya sanamu. Namheshimu sana Towne, lakini hapo nashindwa kuwa naye. Aliweza kuwapenda walipokaa kwenye mabenchi ya kanisa la matofali na vitabu mikononi. Hakuweza kuona kwamba kile kibanda, kilichojengwa na watu wale kwa ajili yao wenyewe bila kuamriwa na mtu, kilikuwa na jambo ambalo lile kanisa kubwa halikuwa nalo. Nikisimama kusifu ustadi wa mafundi wa Brick Baptist, je, nami sifanyi kama yeye? Ninautafuta utu wa fundi kwenye kazi aliyofanyishwa, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo yenye kuta nene, yenye mtindo unaotajwa vitabuni. Kibanda hakina mtindo. Kina umbo la watu wanaohitaji kuzunguka bila kugongana.

Sioni sababu ya kuchagua kimoja. Watu walewale walitengeneza vyote viwili, wakatumia vyote viwili: kanisa Jumapili, kibanda katikati ya wiki. Ila ninapoandika kuhusu majengo haya najilazimisha kuanza na kibanda, hata mwalimu akisema hakina cha kuandikia zaidi ya nusu ukurasa.

Mwezi wa pili nilimpigia simu bibi yangu Pangani. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za baridi ya Marekani, nilimuuliza nani alijenga nyumba yao. "Babu yangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi. Nikamuuliza nani alichoma chokaa, nani alibeba mawe kutoka pwani. Alinyamaza kidogo. Pangani ilikuwa na mashamba ya miwa na watumwa wengi. Wajerumani walipokuja hawakuufuta utumwa, na hapa Tanganyika ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922 tu, wakati wa Waingereza. Bibi anayajua haya kuliko mimi, ingawa hayasemi kwa miaka. Hatimaye akanitajia majina mawili, majina matupu, bila jina la baba. Sitayaandika hapa. Wajukuu wao wanaishi mtaa wa pili kutoka kwetu, tunaoleana na kuzikana, na hakuna hata siku moja niliyosikia neno hilo likitamkwa mbele yao wala nyuma yao.

"Mjukuu wangu," akasema bibi, "majina hayo unataka kuyafanyia nini?"

Nilimwambia ni ya masomo. Hilo halikumridhisha, na ana haki. Ni rahisi kwangu kudai jina la mwashi wa St. Helena nikiwa mgeni nisiye na kiwanja huko. Kule Pangani dai hilohilo lingeingia sebuleni kwetu na kuuliza ni nani hasa anastahili kupangisha vyumba vya uani.

Kazi yenyewe niliyopewa darasani ilikuwa kujaza fomu ya kumbukumbu ya jengo, aina ambayo wahifadhi hutumia. Mwaka 2017 Rais Obama aliliingiza Brick Baptist katika mnara wa kitaifa wa kumbukumbu ya zama zilizofuata vita ile, kwa hiyo nyaraka zake ni nyingi kuliko za makanisa mengi ya shamba, na sehemu kubwa ya fomu ilijaa kwa urahisi. Kwenye "mjenzi" niliandika: waashi, maseremala na vibarua wa kisiwa cha St. Helena waliokuwa watumwa. Maneno yalizidi nafasi, nikaendelea pembeni. Mwalimu hakugusa hapo.

Aligusa chini yake, kwenye "wamiliki, kwa mpangilio wa miaka." Nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu. Sikuwaweka wenye mashamba, na nafasi ya miaka niliianza 1855. Alizungushia mwaka huo kwa penseli, akaandika neno moja na alama ya kuuliza: Hati?

Najua anachotaka. Hati ni karatasi, na karatasi haiko upande wangu. Nimechora mstari wa pili kwenye fomu, juu ya ule wa kwanza, wenye nafasi ya kuandika majina ya wenye mashamba na miaka 1855 hadi 1861. Una wiki mbili sasa, bado mtupu, na tarehe ya kurudisha ni Ijumaa.